Mashavu na Kutu ya Chujio

Mashavu binti Sadala, mkulima wa mihogo wa Misima, ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa mtambo wa kuchuja maji ya kisima kirefu. Hajui kusema uongo, hata ule wa heshima.

Maji yale yakitoka ardhini ni meupe ukiyatazama, lakini yamebeba chembe za chuma ndogo mno, zisizotua chini hata ukiyalaza kwenye ndoo. Zinapenya mchanga. Zikifika kwenye utando wa plastiki wenye vitundu visivyoonekana zinanasa, zinashikana, tabaka juu ya tabaka, mpaka utando unaziba na bomba linakauka. Kazi ya Mashavu ilikuwa kukwangua ule ukoko mwekundu na kuuosha utando kwa maji ya ndimu.

Wajawazito wetu hutafuna udongo. Mwanaidi, mkamwana wa mwenyekiti wa kamati ya maji, akaonja ukoko ule, akatangaza kwamba ni mtamu kuliko udongo wa sokoni, na kwa kuwa ni chuma, unaongeza damu. Basi. Foleni ya kutu ikawa ndefu kuliko ya maji. Hata wanaume walikuja, wakidai wanawachukulia wake zao, midomo ikiwa myekundu tayari.

Kamati ikaamua utando usioshwe tena, uachwe unenepe. Mashavu akikataa, atanyang'anywa ufunguo. Bomba likakauka. Watu wakarudi kwenye lambo la ng'ombe, huku wakijisifu kwamba kijiji kina chuma.

Mashavu akamwendea mwenyekiti, mzee Isihaka.

"Shikamoo, mzee. Kutu anayotafuna mkamwana wako, anashushia na nini?"

"Marahaba. Na maji."

"Ya wapi?"

Mzee akatazama ndoo yake. Kiluwiluwi kilikuwa kinazunguka humo. Akasema suala hilo ni zito, litahitaji kikao.

Mashavu hakungoja. Asubuhi, watu wakiwa wamejipanga na vijiko vyao, aliufungua mtambo akaumwagia utando maji ya ndimu. Kutu ikayeyuka machoni pao. Wapo waliolia kama msibani. Wakamnyang'anya ufunguo palepale, akapewa Mwanaidi, eti kwa kuwa anaipenda kazi hiyo kwa moyo.

Kisha bomba likafoka. Waliomfukuza ndio waliotangulia kukinga, wakinung'unika kwamba maji hayana ladha. Mashavu akaenda kuchukua ndoo yake, akarudi, akapanga foleni nyuma yao.