Usiku Tulioufunika kwa Gunia

Nilipokuwa bado mtoto wa darasa la tatu, kule Mbuba, kijiji cha karibu na mpaka, hadithi ilikuwa kitu cha jioni tu. Bibi yangu aliyenilea hakuwa na masharti mengi, ila hilo hakulilegeza hata siku moja: anayesimulia hadithi jua likiwa juu, mama yake hupotea njia asirudi nyumbani. Mama yangu alikuwa ameolewa upya Biharamulo na alikuja kuniona mara mbili kwa mwaka. Nilikuwa na kila sababu ya kuchunga mdomo wangu.

Hadithi iliyopendwa kwetu ilimhusu kikongwe mmoja mchafu, mwenye vidonda miguuni, anayepita nyumba kwa nyumba mvua ikinyesha akiomba pa kulala. Kila nyumba inamfukuza. Nyumba ya mwisho ni ya mjane maskini. Huyo anampisha karibu na moto, anampa ugali wa mtama na kumkanda miguu kwa maji ya moto. Asubuhi kikongwe hayupo, na migomba ya mjane imeinama kwa uzito wa mikungu. Kijiji kizima kiliijua. Mgeni akipiga hodi tumeshamaliza kula, lazima mtu atanie kwamba huenda ndiye yule kikongwe, na Bibi alikuwa akiwasha moto upya. Tulijiona sisi ndio watu wa nyumba ya mwisho, na nakiri tulijivuna kidogo.

Kisha wakaja wakimbizi wa vita vya nchi jirani. Walivuka mpaka kwa siku chache tu, wengi kuliko watu wote niliowahi kuwaona, na vilima tulivyovizoea vikageuka rangi ya bluu kwa maturubai. Wiki ile ya kwanza Bibi alipika chungu cha maharage na kukipeleka barabarani kichwani mwake. Lakini miezi ikapita. Miti ikakatwa hadi mashina yakang'olewa, chemchemi yetu ikawa tope, maharage yakavunwa na watu tusiowajua kabla hayajakomaa. Bibi akaanza kufunga mlango kwa kipande cha mti.

Katika siku hizo alikuja Konsolata. Alinizidi mwaka mmoja au miwili. Alikuja na mama yake mdogo kufanya kibarua cha kumenya mihogo, na jioni walirudi kambini na ndizi. Yeye na mama yake mzazi walipotezana kwenye msongamano wa daraja la mpakani. Kila asubuhi kabla ya kuja kwetu, Konsolata alipita kwanza mahali walipobandika majina na picha za watu wanaotafutwa. Kihangaza chetu na lugha yake vilikaribiana, tukaelewana bila shida, na ndipo nikagundua kwamba naye anamjua kikongwe. Tena kwao kikongwe alikuwa na wimbo, anaouimba mbele ya kila mlango.

Basi nikautaka ule wimbo. Nilikuwa mtoto wa kung'ang'ania, bado niko hivyo. Jioni hakuweza kubaki, ilimlazimu awe kambini kabla ya giza. Mchana alikataa katakata. Kwao pia mwiko ulikuwa uleule, na mama yake, tofauti na wangu, alikuwa njiani kweli.

Mimi ndiye niliyepata ujanja. Nilimwambia mwiko unakataza mwanga, haukatazi saa. Siku moja mama yake mdogo alipokwenda kisimani na Bibi akawa shambani, tuliingia jikoni, tukafunga mlango, tukaziba dirisha kwa gunia la mahindi ya msaada na kusokota matambara kwenye nyufa. Nikawasha kibatari. Kuku waliokuwa wanaatamia wakatulia kabisa, nikamwambia unaona, hata kuku wamekubali kwamba ni usiku.

Konsolata alilitazama gunia. Kisha akaanza. Kikongwe alifukuzwa nyumba ya kwanza, akaimba. Akafukuzwa ya pili, akaimba. Sauti yake ilikuwa ndogo na ilinipendeza hadi nikasahau kwamba nje kuna jua. Kikongwe alikuwa amefika nyumba ya mwisho, ameinua mkono kugonga, Bibi alipousukuma mlango na jua lote la saa saba likaingia jikoni.

Alituona, akaliona gunia, akakiona kibatari. Alielewa mara moja. Asubuhi ileile alikuwa ameamka na kukuta kamba ya mbuzi wake imekatwa, na mbuzi hayupo. Konsolata akasimama, akamwamkia kwa adabu, shikamoo Bibi, ingawa walishaamkiana asubuhi. Halafu akamuuliza.

"Imehesabika?"

Bibi angeweza kusema hapana. Angeweza kucheka, kusema mambo ya watoto hayo, nendeni mkacheze. Nilimkazia macho nikimwomba aseme hivyo.

"Mchana ni mchana," Bibi alisema. "Gunia halina uwezo huo."

Konsolata alikizima kibatari kwa vidole, akatoka. Hakuja tena.

Siku chache baadaye, jioni, nikiwa na binamu zangu, Bibi alitusimulia ya kikongwe. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya mwisho. Mjane akampisha karibu na moto. Lakini usiku, mjane alipolala, mgeni akavua ngozi, akawa fisi, akamla mtoto wa mwenye nyumba.

"Bibi, siyo hivyo," nikasema.

"Ndivyo ilivyo sasa," akajibu, akasukuma kuni ndani.

Wakati wa mvua za mwisho wa mwaka uliofuata, wakimbizi wakarudishwa kwao. Barabara ilijaa kuelekea mpakani kuanzia asubuhi hadi jioni, na sisi watoto tulisimama kandoni tukitazama. Nilimwona Konsolata, amerefuka, na mkeka kichwani, nyuma ya mama yake mdogo. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi. Nilitaka kumwambia kwamba haikuhesabika, kwamba hadithi haikuisha, na isiyoisha haina nguvu. Ni uongo niliojitungia mwenyewe, lakini nilikuwa tayari kuapa. Alipofika usawa wangu nikapiga hatua mbele. Yeye ndiye aliyetangulia kusema, bila kusimama, kama mtu anayejibu alichoulizwa.

"Hajaja."

Akapita. Nilitembea sambamba naye hatua chache, kisha askari akatuamuru watoto turudi nyuma, nikarudi.

Leo mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nafundisha kwamba fasihi huonyesha jamii inathamini nini. Naandika hivyo ubaoni kila mwaka, kwa mwandiko mzuri. Mwaka jana niliwatuma wanafunzi wangu wakaulize nyumbani hadithi ya kikongwe na kuiandika. Walirudi na daftari arobaini na kitu, na karibu zote zina fisi. Nilikaa na kalamu nyekundu nisijue pa kuiweka. Ningewaambia nini? Kwamba bibi zao wamekosea? Mimi nilikuwepo fisi alipozaliwa, na simchukii Bibi, maana mbuzi yule ndiye tu aliyekuwa naye. Nikawapa wote alama.

Sijui Konsolata alipo, wala kama mama yake alipatikana. Nina umri wa kutosha kujua kwamba mama hapotezwi na hadithi. Kipindi changu cha fasihi simulizi kiko saa nne asubuhi, na nikifika kwa kikongwe huwa naimba wimbo mara mbili, nyumba ya kwanza na ya pili, halafu naishia pale alipoinua mkono kugonga. Kabla ya kuanza nafunga madirisha yote. Wanafunzi wanadhani nakwepa vumbi la barabarani.