Kapu la Michembe Tumboni mwa Katibu

Pale Kigwa ukiulizia nyumba ya Gaudensia, utaulizwa kwanza kama punda wako anaumwa. Mama huyu wa miaka hamsini na nne huuza maji kwa mkokoteni wa punda kwenye migahawa ya jirani na stesheni, lakini sifa zake hazikutoka kwenye maji. Zilitoka sikioni. Humbandika punda sikio ubavuni, akafumba macho na kukunja uso kama padre anayesikiliza ungamo refu, kisha akatoa hukumu. Tumbo lenye afya hunguruma. Likinyamaza, yeye hutafuta simu.

Ujuzi huo hakuzaliwa nao. Punda wake wa kwanza alimuua mwenyewe. Alimwona amevimba tumbo, akamwinua kichwa na kummiminia chupa ya magadi kooni, kama walivyofanya majirani wote, na nusu ya chupa ikaingia mapafuni. Kisa hicho hukisimulia bila kupepesa macho, tena kwa sauti kubwa, hasa akimwona mtu anakuja na chupa.

Punda wa sasa anaitwa Katibu, maana haanzi kazi kabla hajala na hununa akiharakishwa. Gaudensia humtukana kutwa nzima na kumpenda kuliko anavyokubali kusema. Bila Katibu hakuna maji, na bila maji hakuna ugali.

Halafu yuko Masele. Masele ni fundi baiskeli, Msukuma, na Gaudensia ni Mnyamwezi. Kwa hiyo ni watani, na baina ya watani hakuna la kukasirikia. Mwaka jana Masele alijipaka majivu usoni, akaja kulia getini kwamba Katibu amekufa kisimani, na akadai chakula cha msiba. Gaudensia alikimbia pekupeku, akamkuta marehemu anatafuna mkeka wa watu. Alilipiza siku ya ubatizo wa mtoto wa Masele: alivificha viatu vya baba mtu, na baba mtu akasimama mbele ya altare na soksi zilizotoboka.

Basi Jumamosi moja ya Julai, Gaudensia alikuwa anaanika michembe yake juu ya mkeka, vipande vya viazi vitamu vikigeuka vyeupe juani. Katibu hakuwepo, Masele alikuwa amemwazima tangu jana akabebee matofali. Mara Masele akatokea, anahema.

"Gaudensia, Katibu anakufa."

"Mwambie anisubiri nimalize," alijibu bila kuinua kichwa. "Au umeshampaka majivu na yeye?"

"Ni kweli jamani! Anajitazama ubavuni, anachimba ardhi kwa kwato, jasho linamtoka."

"Mwaka jana ulimzika, mwaka huu umemfufua. Wewe si mtu wa kawaida, Masele."

Masele akavua kofia. Akainama kidogo.

"Shikamoo, dada Gaudensia."

Miaka ishirini ya matusi, na shikamoo hii ilikuwa ya kwanza. Gaudensia hakuitikia marahaba. Aliruka mkeka na kukimbia.

Uani kwa Masele watu walikuwa wamejaa, kila mmoja na ushauri wake. Katibu alisimama kichwa chini, midomo imekunjamana, tumbo limejaa. Moyo wa Gaudensia ulishtuka, maana punda huficha maumivu. Akikuonyesha, ujue amevumilia kupita kiasi. Zablon, mzee wa jirani, alikuwa tayari na chupa ya magadi. Gaudensia aliipokea kwa adabu zote, akasema asante baba, akaimwaga yote kwenye kandambili za mzee.

Alifunua mdomo wa Katibu: fizi zilikuwa za rangi nyekundu iliyoiva, tena kavu. Akabandika sikio ubavu wa kulia, kisha wa kushoto. Kimya. Wala hapakuwa na kinyesi chochote uani tangu usiku. Akampigia Eustace, bwana mifugo aliyekuwa Tabora mjini, na kuiweka simu kwenye spika.

"Msokoto wa tumbo," alisema Eustace. "Amekula nini? Niambieni ukweli."

Gaudensia aligeuka polepole akamtazama Masele.

"Michembe," alisema Masele. "Kapu zima. Halafu akanywa ndoo mbili za maji. Nilitaka anizoee, ukija kumchukua akukatae mbele za watu."

Hakuna aliyecheka. Kila aliyekula michembe akashushia maji mengi anajua inavyovimba.

Eustace aliagiza asipewe chochote mdomoni, na akitaka kujibingirisha atembezwe taratibu. Yeye alikuwa anawasha pikipiki. Gaudensia akamkabidhi Masele kamba. Masele akamzungusha Katibu uani, duru baada ya duru, na akina mama wa kwaya waliopita wakamuuliza kama amepata mchumba. Siku nyingine angewajibu hadi wakimbie. Leo aliangalia kwato tu.

Eustace alifika na mpira mrefu, akaupitisha puani hadi tumboni, akamimina mafuta ya kulainisha na kumchoma sindano ya maumivu. "Sasa tunangoja mavi," alisema, akakaa juu ya tofali.

Wakangoja. Mara kumi Gaudensia alibandika sikio, na mara kumi hakusikia kitu. Aliogopa, na hakujali nani anaona. Jua lilipoanza kuzama upande wa Tabora, alibandika tena, akabaki pale pale muda mrefu, mdomo wazi. Kulikuwa na mngurumo mdogo. Baada ya hapo Katibu akainua mkia na kudondosha alichokuwa nacho, mbele ya umati, bila haya.

Gaudensia alipiga vigelegele vilivyosikika hadi relini. Akaokota donge kwa mkono mtupu, akalipasua, akaviona vipande vya michembe, na hapo machozi yakamtoka. Akamwendea Masele aliyejibanza ukutani.

"Ungeogopa aibu ukanyamaza," alimwambia, "sasa hivi ningekuwa nachimba shimo."

Masele akaushika mkono ule ule wenye mavi kwa mikono yake miwili, akalia kwa sauti.