Basi Lisilo na Paa la Hai Mauna

Wengi huukimbia moshi wa jenereta. Mimi huusogelea. Jioni ikiingia, jirani akawasha mashine yake, na ule moshi wa kwanza mzito ukapita juu ya ukuta, mimi siko tena jikoni kwangu. Nina miaka kumi, nimekaa kwenye kiti cha plastiki juu ya lori la mizigo, na mbele yangu Mama amefunga mdomo kwa namna ambayo mtoto yeyote huiogopa kuliko kelele.

Ngoja nieleze jinsi lori la mizigo lilivyopata viti.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya mkataba wa amani, kabla ya kura ya kujitenga na Sudani. Watu wetu walikuwa wakirudi Juba kutoka kila upande, na Baba alikuwa ametutangulia kutoka Nakuru, akapata kazi ya kutunza stoo ya kampuni iliyokuwa ikijenga barabara. Mwezi wa Desemba, shule za Kenya zilipofungwa, alituita: Mama, mimi, na mdogo wangu Lado. Baba alituita tuje kukaa. Mama alikuja kuangalia. Tofauti ya maneno hayo mawili ilijaa ndani ya chumba chetu cha mabati pale Hai Mauna mpaka tukawa tunapumua kwa zamu.

Mama hakugombana. Alisema mara moja tu, asubuhi moja, akikung'uta vumbi kwenye shuka.

"Baba Keji, shule zikifunguliwa, narudi Nakuru na watoto wangu."

"Na mimi?"

"Wewe una stoo yako."

Keji ni mimi. Nilikuwa nyuma ya pazia nikisuka nywele za mwanasesere, na vidole vyangu viligoma kusuka. Mtoto hujua kusoma hesabu ya namna hiyo hata kama darasani anafeli. Watatu kule, mmoja huku.

Basi Baba akapata wazo. Aliliona kwenye televisheni ya ofisini: basi kubwa la huko Ulaya, halina paa, watalii wamekaa juu, wanatembezwa usiku kuonyeshwa majengo ya mji yakiwaka taa. Akarudi nyumbani macho yakimng'aa. Mchana, alituambia mimi na Lado kwa siri, Juba ni vumbi, takataka na mashimo. Lakini usiku vumbi halionekani. Usiku kinachoonekana ni kile tu chenye taa, na vyenye taa ni vile vizuri. "Mama yenu akiuona mji ukiwaka," alisema, "atauona jinsi mimi ninavyouona."

Basi hatukuwa nalo. Tulikuwa na Kato, jirani yetu Mganda, aliyekuwa akileta ndizi na mananasi kutoka kwao kwa lori lake la wazi. Baba akakopa viti vinne vya plastiki kwa mama muuza chai, akavifunga kwa kamba kwenye vyuma vya lori, akafagia majani makavu ya migomba. Hata hivyo tulinuka nanasi safari nzima.

"Nyabo, karibu ndege yako," Kato alimwambia Mama, akimshika mkono apande. "Leo mimi iko rubani."

"Unajua njia?" Mama akauliza.

"Mimi? Hii Juba mimi najua kama mfuko yangu."

Mama akakaa. Akajifunga kitenge mabegani, akaweka mikono mapajani kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali.

Tuliondoka giza likiwa ndiyo kwanza limeshika. Baba hakukaa. Alisimama nyuma ya kichwa cha lori, mkono mmoja umeshika chuma, akatugeukia na kuanza kueleza kwa sauti ya mtu wa redioni. Lazima nikiri alipendeza. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Tulipopita Munuki alituonyesha vijana wa bodaboda wamepanga pikipiki zao, taa zote zimeelekea barabarani, akasema mji wenye pikipiki nyingi ni mji wenye haraka, na mji wenye haraka una kesho. Lado akapiga makofi. Mama akatazama pikipiki.

Kisha tukafika Bunge, na Bunge halikuwepo.

Namaanisha lilikuwepo, lakini giza lilikuwa limelimeza. Siku zile kila jengo lilitegemea jenereta lake, na usiku ule jenereta la Bunge, kwa sababu ambayo hatukuambiwa, lilikuwa limelala.

"Mkono wenu wa kulia," Baba alisema, "ni Bunge letu."

"Wapi?" Lado akauliza.

"Hapo. Fuata kidole changu."

"Naona giza, Baba."

"Nyuma ya giza."

Mimi nilicheka, kisha nikamtazama Mama, nikaacha. Mdomo wake ulikuwa umekuwa mstari.

Kwenye kaburi la kiongozi wetu aliyesaini ule mkataba palikuwa na taa, nyeupe na kali, nikaona moyo wa Baba ukiinuka. Akagonga paa la lori Kato apunguze mwendo. Kabla hajasema neno la pili, askari walituamrisha kwa mikono tuondoke, haraka, haraka, hapa hapasimamwi. Kato akakanyaga mafuta kwa woga, viti vikavuta kamba, nami nikapiga goti kwenye chuma. Kanisa kuu lilikuwa na balbu moja mlangoni, na chini ya balbu mbwa amelala. Kila tulikokwenda, sauti ya Baba ilizidi kupanda na maneno yake yakazidi kuwa mengi, na kila alivyoongeza maneno ndivyo Mama alivyozidi kuwa kimya. Nilikuwa nikimwombea. Nilisema moyoni, Mungu, washa kitu. Washa chochote.

"Sasa," Baba alisema, akijipangusa jasho, "bado daraja. Juu ya mto Nile. Mtaona mataa ya mji mzima yakielea majini. Kato! Darajani!"

Kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Mama akafungua mdomo. "Baba Keji, inatosha."

"Daraja tu, mama. Daraja, kisha nyumbani."

Hapa inanibidi nieleze jambo ambalo msomaji wa Nairobi au Kampala anaweza asilijue. Kwetu gari hupita upande wa kulia wa barabara. Kenya na Uganda hupita kushoto. Mtu aliyejifunza kuendesha Kampala hana shida Juba mchana, kwa sababu hufuata wenzake. Shida huja barabara inapokuwa tupu na hakuna wa kumfuata. Hapo mikono hujikumbukia yenyewe kwao. Na daraja letu la wakati ule, kwa kweli, lilikuwa madaraja mawili ya chuma yaliyolala bega kwa bega: la kulia la kwenda, la kushoto la kurudi. Kato alifika pale, barabara tupu, akaingia kushoto kama mtu anayeingia chumbani kwake.

Askari aliyekuwa upande wa pili wa barabara alituwashia tochi na kuizungusha. Kato akampungia mkono kwa furaha.

Mabamba ya chuma yakaanza kulia chini yetu, kang'ang'a, kang'ang'a, na upepo wa mto ukatupiga usoni, baridi, na harufu ya matope. Nilisimama kidogo kuyatafuta yale mataa majini. Sikuyaona. Niliona taa mbili tu, mbele yetu, juu ya daraja, zikikua.

"Baba," nilisema, "lile gari linakuja kwetu."

Lilikuwa lori refu la trela. Lilipiga honi ambayo niliihisi kwenye meno. Kato akafunga breki, lori letu likateleza kwenye chuma likasimama, na yale mataa yakasimama mbele yetu, karibu kiasi kwamba niliona wadudu waliokufa kwenye vioo vyake.

"Wewe! Leseni ulipewa buchani?" dereva wa trela alipiga kelele kwa Kiswahili cha Mombasa. "Hii si Kampala!"

"Punguza taa, ssebo! Mimi sioni!"

"Utaona wapi na macho umeyaacha nyumbani? Rudi nyuma!"

Trela lile halingeweza kurudi kinyumenyume. Ilikuwa lazima sisi ndio turudi, gizani, kwenye njia nyembamba, na taa za nyuma za lori la Kato hazikuwa zimewaka tangu tulijue. Baba akaruka chini, akaenda nyuma kuongoza. "Njoo! Njoo! Kulia... hapana, kulia kwangu!" Lori likarudi kwa mshtuko, likaenda mshazari, na gurudumu la nyuma likapanda ukingo wa chuma. Upande wangu ukainuka. Upande wa Lado ukashuka kuelekea mtoni. Kiti chake kikavuta kamba, na chini yake, kupitia vyuma, niliona maji. Kumbe yana mwanga wake, maji ya usiku. Yalikuwa yakipita kwa kasi kubwa na bila sauti kabisa.

Mama alimshika Lado kwa shati. Hakupiga kelele. Lado naye hakulia. Alimtazama tu Mama, macho makubwa.

Ndipo yule askari akafika mbio, bunduki begani, akifoka kwa Kiarabu cha Juba. Baba akamjibu kwa Kiswahili chake kizuri cha Nakuru alikokulia, kisha kwa Kiingereza, akitaja kampuni yake, akieleza habari za watalii. Kadiri alivyoeleza ndivyo askari alivyopandisha sauti. Akaishusha bunduki begani. Baba akainua mikono, na nikasikia sauti yake ya redioni ikikatika.

"Mimi... sijui," alisema. "Mama Keji, sijui anataka nini. Sijui hili daraja. Sijui."

Mama alinikabidhi shati la Lado. "Shika. Usiachilie hata nikikuambia." Akasimama juu ya lori lile lililoinama, akashika chuma, na kutoka kinywani mwake ikatoka lugha ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikitoka humo.

"Ya akui," alimwita askari, yaani ndugu yangu. "Asma kalam tai." Nisikilize.

Askari akanyamaza. Akamulika tochi usoni mwa Mama. Akauliza kitu, taratibu sasa.

"Ana biniya ta Malakia," Mama akajibu.

Mimi ni binti wa Malakia, mtaa wa zamani wa Juba. Nilijua Mama alizaliwa Sudani, kama wazazi wa watoto wote wa kwetu niliosoma nao Nakuru. Wapi hasa, sikuwahi kuuliza. Na hakuna aliyewahi kumuuliza mbele yangu.

Sijui walisema nini tena. Nilisikia Malakia mara kadhaa, nikasikia askari akitoa pumzi kama anayecheka. Akaamuru mtu yeyote asishuke, akamsukuma Baba arudi juu, akaenda mwenyewe nyuma ya lori na tochi. Akawa anaita kwa Kiarabu, na Mama, amesimama katikati, anampokea na kumpasia Kato kwa Kiswahili.

"Mbele kidogo, Kato. Kidogo! Simama. Sasa kata kushoto. Pole pole. Rudi."

"Nyabo, miguu yangu inatetemeka."

"Acha itetemeke. Ikanyage tu. Rudi."

Gurudumu likashuka kutoka ukingoni kwa kishindo kilichotikisa daraja lote. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki sasa, mimi nimebanwa kwapani mwake, Lado mapajani, na nilisikia moyo wake ukigonga sikioni mwangu. Tulirudi nyuma hivyo hivyo, bamba baada ya bamba, yale mataa ya trela yakitufuata polepole, mpaka kelele ya chuma ikakoma na magurudumu yakagusa mchanga.

Trela likapita. Dereva wake akatoa kichwa dirishani awe na neno la mwisho, akamwona Mama amesimama, akalimeza.

Kato alilaza kichwa kwenye usukani. Baba alisema kwa sauti ndogo, "Twende nyumbani."

"Bado," Mama alisema. "Kato, ukipumzika, twende Malakia."

Kwa miaka mingi nilidhani nimeielewa ile safari. Mwaka mpya uliingia na hatukupanda basi la kurudi. Mimi na Lado tuliandikishwa shule Juba, na nilijiambia kwamba Mama alibaki kwa sababu hofu ya darajani ilimfundisha kwamba familia haigawanywi. Ni maelezo mazuri, na niliwahi kuyaeleza hivyo kwa watu. Nilipoolewa na kuhamia mji wa mume wangu, nikakaa wiki nzima shemeji wenye mapenzi mema wakinionyesha soko, kanisa, kisima, bila kutaka kujua hata kule kwetu tunapika nini, ndipo usiku ule ulipobadilika umbo kichwani mwangu. Baba alikuwa amemtembeza Mama mji mzima akimweleza, na kati yetu Mama pekee ndiye aliyezaliwa humo. Baba alijua alikozaliwa mkewe. Ila Malakia ni ya kale, ina kuta zilizobomoka na haina taa, akaiepuka ili asimhuzunishe. Alimpenda kwa dhati; hakukumbuka tu kumuuliza.

Malakia ilikuwa giza tupu usiku ule, pengine karabai moja mbele ya duka. Mama alisimama pale Baba alipokuwa amesimama, akigonga paa kumwelekeza Kato. "Hapa palikuwa na duka la Mgiriki," alisema. "Alikuwa akitupa peremende tukimsalimia kwa lugha yao." Hatukuona duka. Tuliona ukuta. Kisha akasema kitu kuhusu bomba la maji na msichana mmoja mgomvi, akaanza kucheka, akashindwa kumaliza.

Baba aliinuka kutoka kitini. Akaenda akasimama kando yake, akainama juu ya ukingo wa lori kuona vizuri, mahali ambapo hapakuwa na cha kuona.

"Na pale?" aliuliza. "Pale palikuwa na nini?"