Kikande cha Neasden

Binti yangu ana miaka kumi na tisa, na kila Jumamosi anakwenda kulinda maua. Sisemi kuyapanda wala kuyauza. Kuyalinda. Kwenye kinamasi kimoja nyuma ya Neasden, mtaa wetu huku kwa Wazungu, huota okidi za zambarau kila mwezi wa sita, na yeye na wenzake huvaa vizibao vya kijani, wakapiga magoti topeni na kuzihesabu kwa kunong'ona, utadhani wako wodi ya wazazi.

Tangu aanze sekondari hakuwahi kunialika popote. Mikutano ya wazazi nilikuwa naisikia ikiwa imeshapita. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na tukiwa kwenye basi hanijibu kabisa. Kwa hiyo aliponiambia kuna siku ya wageni, nikitaka nije, nilibadilishana zamu na mwenzangu kazini, nikavaa gauni la kanisani. Gauni la kanisani, kwenda topeni! Nilitaka aseme mbele za watu kwamba huyu ni mama yangu. Basi, hilo tu.

Nilipofika alinionyesha pa kusimama, pamoja na wageni wengine. Hakunitambulisha. Nikajiambia atafanya baadaye.

Sasa, mimi ni mtoto wa Makete. Kwetu maua hayo hatuyalindi, tunayala. Viazi vyake vinaitwa kikande: unavichimba kwenye majimaji, unavianika, unavitwanga, unapika unga wake na karanga, magadi na pilipili mpaka ukaze, halafu unakata vipande kama mkate. Mimi nimekua kwa kikande. Hilo sikuwaambia; nina adabu zangu.

Kiongozi wao, mzee mmoja wa Kizungu, alinieleza okidi ni kitu gani, polepole na kwa sauti kubwa, kama vile mimi ndiye mgonjwa wa masikio. Nikashangaa kila mahali alipotaka nishangae. Binti yangu akatabasamu kidogo, moyo wangu ukatulia.

Kisha tukafika penye msiba. Mbwa wa mtu alikuwa amefukua okidi moja, imelala mizizi nje. Wote wakaizunguka. Mmoja akavua kofia, haki ya Mungu. Mzee akasema hii imekwisha, akaanza kuandika kwenye daftari lake.

Nikainama. Chini ya shina palikuwa na viazi viwili, vilevile kama kwetu: cha mwaka jana, cheusi, kimesinyaa, na kipya, cheupe, kimejaa. Hicho cheupe kilikuwa kimekatika. Nikakiokota, nikakifuta tope kwa kidole. Nilitaka kuwaambia wakirudishe ardhini, huenda kikaota. Lakini bibi yangu alinizoesha kwamba kikande ukikishika unakionja hapohapo: unang'ata kidogo, kikivuta ulenda, ule utelezi kama wa bamia, ni kizuri. Nina miaka thelathini sijashika kikande, na mkono haukuniomba ruhusa. Nikang'ata.

Kilivuta vizuri sana, kama mnataka kujua.

Hakuna aliyepiga kelele, afadhali wangepiga. Mzee aliiva uso, akauliza, bila hata kunitazama, huyu mama amekuja na nani. Binti yangu aliinamisha kichwa, anachezea zipu ya kizibao chake. Aibu ilinichoma mpaka masikioni, na si aibu yangu, ilikuwa yake. Nikawahi kumwokoa. Nikasema mimi ni mpita njia tu, hapa simjui mtu, naombeni radhi. Nikageuka kuitafuta njia ya kituo cha basi, ulenda bado mdomoni, gauni limelowa mpaka magotini.

Nikamsikia nyuma yangu.

"Ni mama yangu."

Kwa Kiswahili, mbele ya Wazungu saba ambao hawakuelewa hata neno moja. Mzee akamwomba arudie. Hakurudia; alikuwa ananitazama mimi.