Kadi Niliyomwandikia Rebeka

Siku moja ya Februari haijanitoka kichwani, mwanangu, na mvi hizi unazoziona zimeota nikiwa nayo. Ilikuwa Jumamosi, baridi ya kukata masikio, nami nimekaa kwenye banda la mitumbwi la kambi moja nje kidogo ya Jeffersontown, kitongoji cha Louisville, Marekani, nalipiga kasia msasa huku nikicheka na wenzangu. Nilikuwa na miaka thelathini. Wewe cheka tu, lakini thelathini ni ujana, utakuja kuniambia ukiipita.

Kambi yenyewe ilikuwa ya watoto, ile ya kiangazi, wanakuja asubuhi na jioni wanarudi kwao. Watu wengi hudhani shule zikifunguliwa tu kambi kama ile inakufa mpaka mwaka unaofuata. Nani kakwambia! Mimi nilizipenda zile siku za kufungwa kuliko hata kiangazi. Bwawa la kuogelea linafunikwa turubai la buluu, majani yanajaa juu yake, kindi wanaingia chumba cha ufundi wanatafuna brashi za rangi. Na sisi walezi wa watoto, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, tunatoka kila mtu alikotawanyikia tunakutana pale. Huyu anashona majaketi ya kuelea, yule anapaka benchi rangi, mwingine anakoroga supu ya maharage kwenye sufuria kubwa. Mimi nilikuwa nasoma Columbus, nimepanga chumba karibu na chuo. Naendesha gari saa tatu na ushee kuja Louisville, nalala kwa dada yangu, Jumapili narudi. Wenzangu wa chuo waliniona sina akili nzuri. Lakini Columbus nilikuwa na vitabu tu, na pale bandani nilikuwa na watu.

Sasa, kambi ile ilikuwa na desturi yake moja. Kila mlezi alipewa orodha ya watoto wa kundi lake na tarehe zao za kuzaliwa, pamoja na bunda la kadi tupu. Mtoto akizaliwa Oktoba, Oktoba anapata kadi kwa posta, imeandikwa kwa mkono. Na mkuu wa kambi alisisitiza jambo moja tu: ndani uandike kitu kimoja ambacho mtoto yule, na si mwingine, alikifanya kiangazi kile. Sentensi moja ilitosha. Alitaka mtoto ajue kwamba hata theluji ikianguka kuna mtu mahali fulani anamkumbuka.

Mimi nilikuwa na watoto ishirini na wanne, na mitihani ilikuwa inabisha hodi. Basi nikaona kwa nini nijitese mwaka mzima na sentensi ishirini na nne? Siku moja ya Septemba, mchana, nikapika chai, nikakaa mezani, nikaziandika kadi zote kwa mkupuo. Zote sentensi moja: “Sitasahau ulivyoogelea kwa ujasiri.” Ni watoto, nikasema, watoto wote wanaogelea. Nikazipanga kwa tarehe, kila ikifika tarehe natumbukiza moja kwenye sanduku la posta. Na bado nikajisifu kwa wenzangu chumbani kwamba kazi ya miezi tisa nimeimaliza kabla chai haijapoa. Kwa lugha yenu nyinyi vijana, nililipua kazi, bora iishe. Nililipua vibaya sana, na nikajiona mjanja.

Turudi bandani. Aliingia Mzee Amosi. Huyu alikuwa Mkongomani wa milima ya Kivu Kusini, mtu mzima, mrefu, ndiye aliyeitunza kambi wakati wote wa baridi. Mjukuu wake, Rebeka, mtoto wa miaka minane, alikuwa katika kundi langu kiangazi kilichopita. Oktoba mama yake Rebeka alipata kazi ya ghala Buffalo, mbali kaskazini, kwa ndugu zao, akahama na mtoto. Mzee alibaki na kambi. Nilimwamkia, akaitikia, lakini hakukaa na wengine. Akanivuta kando, karibu na hita.

“Mwalimu,” akasema, “ile kadi ya Rebeka, ni wewe uliandika?”

“Ndiyo, mzee. Aliipata?”

“Aliipata. Bon, sawa. Donc, basi, unaniambia mtoto yangu anaogeleaka?”

Mwanangu, nilijua palepale nimenaswa. Maana Rebeka hakugusa maji hata siku moja. Kiangazi kizima, wenzake wakiruka bwawani, yeye alikaa na mimi benchi, taulo mabegani, kavu kabisa. Nilijua hivyo. Nilikuwa najua hivyo siku ileile ninaandika!

Mzee Amosi hakupandisha sauti. Angepandisha ningepona. Alinieleza polepole. Rebeka alikuwa amewaambia watoto wa shule mpya kwamba mwalimu wake wa Louisville atamwandikia, na kwa wiki nyingi walimcheka kwamba hakuna barua. Kadi ilipofika Januari, posta ikiwa imeihamishia anwani mpya, aliikimbiza shuleni bila kuifungua, ili waione pamoja. Mwalimu wake akaisoma mbele ya darasa. Na shule ile ina bwawa ndani, kila Alhamisi wanafundishwa kuogelea, na tangu afike Rebeka alikuwa anakataa kuingia. Mwalimu akasema, kumbe unajua, tena kwa ujasiri, basi leo hakuna kudeka. Wakamshika mkono wakamshusha majini. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Tangu siku hiyo hajakanyaga shule, wiki ya tatu sasa, na mama yake anaogopa kumwacha peke yake akienda kazini.

“Ile siku tulivuka mto kukimbia vita,” akasema Mzee, “aliona mama yake mdogo anaenda na maji. Alikuwa na miaka ine. Wewe haukujua hiyo, sikulaumu. Lakini benchi, mwalimu? Benchi uliikaa na yeye kila siku. Macho yako ilikuwa wapi?”

Nikaanza kujitetea, mitihani, sijui kadi nyingi, sijui nini. Akainua mkono tu, akatoka kwenda kukusanya kuni. Supu ilipakuliwa, mimi nikarudi kwenye kasia langu.

Jumapili alfajiri niliondoka kwa dada na anwani niliyopewa na Mzee, nikapita Columbus bila hata kushuka garini, nikaendelea mpaka Buffalo. Theluji ya kule, we acha tu, inashuka pembeni badala ya kushuka chini. Nilifika jioni mgongo umekufa ganzi. Mama Rebeka akanifungulia mlango bado amevaa sare ya ghala. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Yeye akaniambia, “Karibu, mwalimu. Utakula kwanza,” akaniwekea fufu na sombe, yaani ugali wa muhogo na kisamvu. Ukarimu ule uliniuma kuliko tusi lolote, na wala hakulikusudia hilo.

Rebeka alikuwa amekaa kwenye ngazi za ndani, na koti lake, utadhani anasubiri safari. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa huku. Alisema, “Wewe hukunijua mimi ni nani.”

Nilikaa ngazi ya chini yake. Nilikuwa nimetunga hotuba nzima njiani, ikayeyuka yote. Nikamwambia, “Nilikujua, mama. Nilikuwa mvivu. Nimeandika kitu kimoja kwa watoto wote, na kwako kilikuwa uongo. Nisamehe.”

Akanitazama. “Kama ulinijua, sema nilifanya nini.”

Hapo, mwanangu, nilimshukuru Mungu aliyenipa macho hata nilipokuwa sijui kuyatumia, kwa sababu kitu nilikuwa nacho. Nikamwambia: “Ulihesabu vichwa. Wenzako wakiingia majini, ulihesabu wangapi wameingia. Filimbi ikilia wakatoka, ulihesabu tena. Kila siku. Siku moja ukanivuta mkono ukasema bado mmoja, nikakwambia wametoka wote, ukakataa. Ukaning'ang'ania mpaka nikaenda kutafuta, tukamkuta Tobi nyuma ya chumba cha kubadilishia nguo anakula biskuti za mwenziwe.”

Alicheka kidogo kwa sababu ya Tobi. Kisha akaanza kulia, kile kilio cha mtoto aliyejizuia muda mrefu, akaegemea bega langu. “Nilidhani hakuna aliyeona,” akasema. Mimi nikalia naye, sikuona aibu, na mama yake jikoni akafunga bomba la maji asikie vizuri.

Jumatatu asubuhi tulikwenda shule sote watatu, na Rebeka akanishika mkono mpaka mlangoni. Nikamwambia mwalimu wake, mtoto akisikia, kwamba kadi ile niliandika mimi na haikuwa kweli, na nikamweleza kilichotokea mtoni. Mwalimu yule alifunika mdomo kwa mkono. Alimwomba Rebeka radhi palepale, akamwahidi kwamba bwawani hataingia mpaka siku atakayosema mwenyewe. Rebeka akafikiri, akavua koti, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Niliendesha kurudi Columbus nikiwa nimechoka na mwepesi, nikijua yameisha.

Hayakuisha. Nilipofika chumbani nilizikuta zile kadi zilizobaki mezani, zimepangwa vizuri kwa tarehe. Nikazichana zote. Nikachukua kadi mpya, na safari hii nikaamua kuwaandikia wote upya, hata wale ambao uongo wangu ulishawafikia. Kwa wengi haikuwa kazi. Huyu alimfundisha mwenziwe kufunga kamba za viatu, huyu alizika ndege aliyekufa akamwimbia, huyu aliiba biskuti. Lakini nilipofika kwa watoto wanne, kalamu ikagoma. Nikasoma majina yao kwa sauti. Hakuna kitu.

Jumamosi ya kwanza ya Machi nikaenda nayo majina yale bandani. Niliwaeleza wenzangu kila kitu, nikawaomba msaada. Wakaacha makasia, tukazunguka hita, jina moja baada ya jingine. Mpishi wetu akamkumbuka mmoja, aliyekuwa akimwambia asante kwa kila kijiko cha chakula. Mwenzangu wa chumba cha ufundi akamkumbuka wa pili. Mzee Amosi, ambaye alikuwa amenisamehe bila kusema kwamba amenisamehe, akamkumbuka wa tatu. “Huyu,” akasema, “kila siku asubuhi alikuwa anapita kuniuliza kama nililala muzuri.”

Wa nne aliitwa Molly. Kila mmoja akatikisa kichwa. Mtu akaleta picha ya kundi zima, tukainama wote juu yake, na hatukuweza kukubaliana Molly ni yupi. Mwanangu, fikiria hilo. Wiki nane. Pengine nilimpaka mafuta ya jua, pengine nilimfungulia chupa ya maji, pengine aliniambia jambo nikaitikia “eeh” bila kusikia. Alikuja kila asubuhi na akaondoka kila jioni, na kati yetu watu wazima kumi na mmoja hakuna aliyemwona.

Nilimwandikia ukweli, kwa maneno ambayo mtoto angeyaelewa bila kuumia zaidi. Kwamba kiangazi kile sikumtazama vizuri, kosa ni langu, na akija tena nitamtazama. Kiangazi kilichofuata nilisimama getini siku ya kwanza na orodha mkononi, nikisubiri jina lake. Hakuja, wala hakuja tena. Jina lake ninalo mpaka leo, sura yake sina.

Ndiyo maana nakwambia, mwanangu, wewe unayechukua kazi ya watoto, na hata usipoichukua, maana utakuwa na mume au mke, na jirani, na mama aliyebaki nyumbani anayesubiri simu yako. Usidhani kumkumbuka mtu ni kazi ya baadaye, ukipata nafasi, mambo yakitulia. Nilidhani kadi ya Januari inaandikwa Septemba, mezani. Inaandikwa Julai, mtoto akiwa mbele yako na wewe umechoka, jua linakupiga, na simu inakuita mfukoni. Usipomwona siku ile, hakuna ukarimu wala safari ya theluji itakayokurudishia siku hiyo. Na ukimtendea mtu jambo la kulipua, usijitetee sana. Panda gari, nenda, kaa ngazi ya chini yake, useme nilikuwa mvivu.

Mwenyezi Mungu akupe macho yanayotua juu ya mtu. Akujalie uwe na watu wa kukutana nao bandani msimu ukishafungwa, watakaokukumbusha uliyoyasahau. Na popote utakapokuwa umekaa kimya benchi, unahesabu wenzako, Mola akuwekee japo mmoja wa kukuona. Nenda salama, mwanangu.