Breki Mpya za Mkaguzi

Tangu aolewe, mkunga alijua fika kwamba ana mke mwenza, na kwamba mwenzake huyo ana matairi manne. Lilikuwa gari la rangi ya maziwa, la zamani kiasi kwamba vijana walisimama kulipiga picha na mafundi walisimama kulionea huruma. Mume wake alikuwa mkaguzi wa shule, sasa mstaafu, ila mtaa mzima bado ulimwita Mkaguzi. Kila asubuhi alilifuta kwa kitambaa laini ambacho hakuna mtu mwingine nyumbani aliyeruhusiwa kukigusa.

Kuliwasha halikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kulisimamisha. Breki zake zilikuwa za dramu, mbele na nyuma, vilevile kama lilivyotoka kiwandani, na Mkaguzi alijivunia jambo hilo kama mzee anayejivunia meno yake mwenyewe. Siku ya jua lilisimama likibembelezwa. Siku ya mvua lilitaka kupewa taarifa mapema. Mkunga alipogusia habari za breki za kisasa, za diski, alijibiwa kwamba gari la asili halichezewi, na kwamba dereva mwenye akili husimamisha gari kwa gia.

Basi siku moja, baada ya manyunyu, akili na gia vikashindwa kwa pamoja. Walikuwa wakishuka mteremko wa kwenda sokoni. Mkaguzi akakanyaga breki, gari likavuta upande, likaacha barabara taratibu, kwa adabu zote, likaenda kuparamia sofa jipya ambalo muuza samani wa kando ya barabara alikuwa hajalitoa hata nailoni. Hakuna aliyeumia. Muuza samani akaja akainama dirishani.

"Mzee," alisema kwa upole, "ungesema tu umechoka, ningekuletea kiti."

Njia nzima ya kurudi nyumbani Mkaguzi alieleza jinsi sofa lile lilivyowekwa mahali pabaya. Kesho yake alienda kazini kwa pikipiki ya kukodi, na keshokutwa vilevile. Mkaguzi alipotaka kujua majirani watafikiria nini, mke wake alimjibu huku anafunga viatu.

"Baba, kazi yangu mimi ni kupokea wanaoingia duniani. Kutoka sina haraka."

Mkaguzi akashika msimamo wake. Akawa anazunguka mjini peke yake, kiti cha pembeni kitupu, na kila alikopita watu walimuuliza mama anaumwa nini. Hilo ndilo lililomvunja nguvu, si sofa. Hatimaye, bila kumwambia mtu, akalipeleka gari gereji kwa shemeji yake, mdogo wa mkunga, fundi aliyeitwa Kesho kwa sababu ambazo wateja wake wote wanazifahamu.

Kesho alikuwa na gari jingine la ukoo huohuo, toleo la baadaye, lililogongwa nyuma likabondeka vibaya. Mbele lilikuwa zima kabisa, na diski zake zilikuwa nzuri. Lilikuwa limesimama ghafla, akaeleza, na aliyekuwa nyuma yake hakuweza kusimama. Mkaguzi hakuuliza huyo wa nyuma alikuwa na breki gani.

Dramu za mbele zikang'oka, diski zikakaa, kalipa za kuzibana zikafungwa. Mkaguzi akaanza hata kupiga mluzi. Kisha wakataka kurudisha gurudumu, likagoma. Rimu ya zamani ilikuwa ndogo, ikagota kwenye kalipa. Mkaguzi akatafakari, akapendekeza kalipa ipigwe tupa kidogo.

"Shemeji," Kesho alisema, "hiyo ndiyo inayobana diski. Unataka tukate breki ili tairi liingie?"

Ikabidi zitafutwe rimu kubwa zaidi. Huo ukawa msiba. Vile vifuniko vya magurudumu vya kung'aa alivyovisugua miaka yote visingeenea tena, siri ikamshinda, na mkunga alisimuliwa habari hiyo kwa sauti ya mtu anayetangaza mazishi. Msiba wenyewe ulidumu hadi jioni, Kesho alipoleta rimu za kwanza, pana, zenye kumeremeta kama sufuria mpya. Matundu ya nati yalilingana sawasawa, na marehemu wakasahauliwa hapohapo. Bahati mbaya, usukani ulipozungushwa, matairi yalikwaruza madigadi. Zilizokubali mwishowe zilikuwa rimu za chuma, za kijivu, zisizo na maringo yoyote. Gurudumu likazunguka huru, na kati ya rimu na kalipa kidole kikapita.

Kutoa hewa kwenye mabomba ya breki aliitwa mkunga. Akakaa kwenye usukani, mdogo wake akalala chini ya gari akimwambia kanyaga, shikilia, achia. Mkaguzi alisimama pembeni akiwaeleza wapita njia kwamba wazo hili alikuwa nalo siku nyingi. Vifuniko vya zamani akavitundika sebuleni, juu ya televisheni, mahali ilipokuwa picha ya harusi.

Mkunga akarudi kiti cha pembeni. Haukupita muda, mvua ikanyesha tena, wakawa wanashuka mteremko uleule. Mkokoteni uliojaa madumu ya maji ukachomoza kutoka uchochoroni na kukata barabara mbele yao. Mkaguzi akakanyaga kwa nguvu zote. Gari likainamisha pua, likasimama palepale, limenyooka. Mwenye mkokoteni akapita zake bila hata kugeuza shingo.

Wipa zikaenda na kurudi. Mkaguzi akaachia usukani. Akakohoa.

"Hizi breki," alisema, "naona zina ukali kidogo. Itabidi Kesho azipunguze."

Mkunga alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Kisha akashuka mvuani, akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa dereva. Miaka mingi alikuwa ameendesha gari la zahanati usiku na mchana, barabara za lami na za tope, na hili la kwake hakuwahi kukabidhiwa hata funguo.

"Sogea, baba," alisema.

Mkaguzi akasogea.