Viti Sita vya Shangazi

Shangazi hakuwahi kukalia kiti bila kukisalimia kwanza. Aliingiza kiganja chini, akapapasa mbao na mikanda, akabonyeza mara mbili, ndipo akajishusha taratibu. Alifanya hivyo kanisani, kwenye basi, kwenye benchi la hospitali, hata msibani watu wakilia. Kiti kikiwa kizima alinyamaza. Kikiwa kibovu alimnong'oneza aliye karibu, "Huyu ana homa," na mara nyingi alitoa mkobani nyundo ndogo yenye mpini uliong'aa kwa jasho la miaka, akakitibu papo hapo.

Alikuwa fundi wa viti. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja uchochoroni, nyuma ya duka la matairi, kikinuka gundi na vumbi la makochi ya watu. Humo ndimo alimomlea binti wa kaka yake, aliyefiwa na wazazi akiwa na miaka minane. Mtoto alilala juu ya vipande vya sponji. Kila jioni, akitoka shule, kazi yake ilikuwa kuzunguka sakafuni na sumaku iliyofungwa kamba, akiokota misumari iliyodondoka. Ndipo alipopata jina. Walimu walimwita kwa jina la kwenye cheti, lakini kwa Shangazi alikuwa Sumaku, basi.

Sumaku alisoma mpaka chuo, akaajiriwa ofisi ya mipango, akaolewa na mpima ardhi mpole, kijana wa ukoo ambao hata babu zao walikuwa na vyeti ukutani. Walipopata nyumba yao, Shangazi alileta viti sita vya mezani. Fremu alikuwa ameziokota kwenye rundo la mbao, ukumbi mmoja wa zamani ulipobomolewa. Alikuwa ameziunga upya, akazipiga msasa mpaka zikawa laini kama shavu, akazivika kitambaa cha kijani na kuzungushia misumari ya vichwa vya shaba, mmoja mmoja, kwa mkono.

"Nimechoka kuwaona mnakula mmepakata sahani," alisema. "Krismasi ikifika, hapa asisimame mtu."

Miezi michache kabla ya hiyo Krismasi, mama mkwe alikuja kuwatembelea. Alikuwa muuguzi mkuu mstaafu, mwanamke aliyezoea kupitisha kidole juu ya kila kitu kutafuta vumbi. Safari hiyo alipitisha kiganja juu ya kiti, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hivi vimetoka wapi?"

Sumaku alifungua kinywa kumwambia. Kichwani aliuona uchochoro, matairi, na godoro lile la vipande vipande.

"Tuliagiza nje, mama."

Mumewe alikuwa mlangoni na trei ya chai. Alimtazama mkewe, kisha akaitazama trei.

Ni kauongo kadogo, Sumaku alijiambia, katakufa kenyewe. Hakakufa. Mama mkwe alimsimulia binti yake, na wifi huyo, mwenye saluni na mdomo usiojua kufunga duka, akawasimulia wateja wake wote.

Siku ya Krismasi Shangazi alifika wa kwanza, gauni limenyooka, mkoba mwepesi. "Nyundo nimeiacha nyumbani," alisema akicheka. "Leo mimi mgeni." Alichagua kiti cha dirishani. Akaingiza kiganja, akabonyeza mara mbili, akatabasamu kama mtu aliyekutana na mwanawe mbele ya watu.

Walikuwa watano mezani. Wali ulikuwa unafuka moshi, nyama imeiva vizuri, na kwa muda mambo yalikwenda. Kisha wifi akajinyoosha na kupigapiga egemeo la kiti chake.

"Shangazi, umeviona lakini viti vya mwanao? Vya nje hivyo!"

Kijiko cha Sumaku kilisimama hewani.

"Vya nje?" Shangazi aliuliza.

"Kabisa! Sio kazi za hawa mafundi wetu wa vichochoroni. Unakaa leo, kesho sponji limeshuka, keshokutwa msumari unakusalimia matakoni."

"Wewe, tupo mezani," mama mkwe alimkanya, lakini naye alikuwa anacheka.

Shangazi alimgeukia Sumaku. Hakumkodolea macho. Alimtazama tu, vile alivyokuwa akimtazama zamani akimpa zamu ya kuvuta kitambaa, akingoja kuona kama mkono utakaza. Neno moja lingetosha. Hata jina la uchochoro lingetosha. Sumaku akasogeza bakuli.

"Shangazi," alisema, "ongeza mchuzi."

Shangazi akaongeza mchuzi. Akatafuna, akameza.

"Ni kweli," alimwambia wifi. "Huyu fundi alikaa na kazi yake. Mimi nilidhani nimekalia wingu."

"Si ndiyo! Na wewe Shangazi, unafanya shughuli gani vile?"

"Nashonashona."

"Nguo?"

"Chochote kinachoshoneka, mwanangu."

Wakacheka wote, isipokuwa wawili. Ndipo wifi aliposukuma sahani na kuinuka. "Ngoja nikipindue kimoja nione nembo ya kampuni, na mimi niagize."

Sumaku aliweka kijiko chini. Alikuwa amekua akiona jambo hili: Shangazi, kabla ya kuvika kitambaa, huandika jina la mteja kwa penseli ubavuni mwa mbao, chini, ili kazi zisichanganyike. Hakuna fundi wa nje aliyemjua Sumaku.

Wifi alikuwa ameshashika miguu ya kiti. Shangazi akamshika mkono, polepole.

"Kaa, mwanangu. Chakula kinapoa. Nembo haina miguu, haitakimbia."

Wifi akakaa. Kwa hiyo uongo wa Sumaku ukalindwa na yule yule uliomkana.

Jikoni, wakiosha vyombo, mumewe alisema bila kugeuka, "Ungesema tu."

"Na wewe mbona hukusema?"

"Shangazi ni wako."

Sumaku akaigeuza sahani, akaisuuza tena.

Alipanga kwenda uchochoroni Jumapili iliyofuata kuomba radhi. Mvua ikanyesha. Jumapili nyingine palikuwa na ripoti ya ofisi. Mara mbili alipiga simu, akaikata kabla haijaita, maana hakujua angeanza na neno gani. Mwezi wa tatu Shangazi alianguka karakanani akiwa na nyundo mkononi, na Sumaku alipofika hospitali alikuta kitanda kimeshatandikwa upya. Muuguzi wa zamu alimwambia kwamba yule mama, kabla ya kulala, aliingiza mkono chini ya kitanda akabonyeza, kisha akacheka peke yake.

Baada ya mazishi Sumaku alikipindua kile kiti cha dirishani. Maandishi yalikuwepo, ya penseli, herufi kubwa za mtu aliyeishia darasa la nne: SUMAKU. Alikaa sakafuni akakipakata kama mtoto aliyechafuka, ambaye mtu huona haya kumrudisha kwa mama yake. Mguu wa nyuma ulicheza kidogo alipougusa. Hajaukaza, na hamruhusu mtu aukaze. Wageni wakija hukikalia mwenyewe, akiuhisi mguu ukitikisika chini yake mpaka chakula kiishe.

Maana siku ile ya Krismasi alikuwa amemsindikiza Shangazi hadi getini. Sumaku alikuwa anakusanya maneno, anayapoteza. Shangazi alifunga mkoba wake ule mwepesi, akamrekebishia kola ya gauni, akamtazama usoni kwa upole uliouma kuliko matusi.

"Kile cha dirishani kina homa, mguu wa nyuma," alisema. "Mwambie fundi wako aje aukaze."